Nyanya za Kopo, Rabaraba na Meno ya Maganga

Habari za kifo cha Bi Tabu nilizipata sokoni Morogoro, kwa muuza ndizi ambaye hakujua kwamba ananipa tanzia. Nilikuwa nikilalamika kuwa mikungu ni midogo na bei ni kubwa, akanijibu kwamba watu wa juu hawakushuka wiki nzima, walikuwa msibani. Msiba wa nani? "Wa yule bibi aliyekuwa akiwapikia wagonjwa wa Mdachi, zamani zile. Humjui wewe." Nikamwambia namjua. Nikanunua mkungu bila kuomba nipunguziwe, nikaubeba begani kuurudisha mlimani ulikotoka, jambo lililowafurahisha sana watu niliopishana nao njiani: mtu wa makamo, mwenye miwani na viatu vya mjini, anahema akipeleka ndizi Uluguru. Msibani wanawake walikuwa wameketi barazani na kila mmoja alikuwa na Bi Tabu wake. Mmoja alisema marehemu alikuwa mkali hata kuku wake walitembea kwa adabu. "Mkali?" akasema mwingine. "Amenilea mimi." "Ndiyo maana nimesema mkali," akajibiwa, na kicheko cha chini chini kikapita barazani kama upepo wa jioni. Hakuna aliyetaja nyanya za kopo. Nilipoulizwa nilimjuaje marehemu, nilisema nilifanya naye kazi mwaka mmoja. Nilikosea. Yeye alifanya kazi, mimi niliandika.

Wanaonisoma magazetini wanajua jambo moja juu yangu, kwamba nimewahi kukaa chuo kikuu huko Ujerumani, nami sijawahi kujisumbua kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba nilipelekwa kule muda mfupi kabla ya ile vita kubwa niwe msaidizi wa Kiswahili, yaani niketi mbele ya wanafunzi niseme, nao wanitazame mdomo kama watu wanaotazama saa iliyofunguliwa mgongo. Baada ya hapo niliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa lolote nililolitaka, nami nikayataka yote. Nilisikia wazee wenye ndevu wakieleza namna ya kulinganisha kitu na kitu: uchague unachopima, upime kwa kipimo kilekile, usiruhusu moyo wako ushike mizani. Niliandika yote hayo kwa hati nzuri. Lakini somo lenyewe nilikuwa nimeshalipata, mwaka mmoja kabla ya kupanda meli, kwa mwalimu asiyejua kusoma, katika nyumba yenye vyumba vinne iliyojengwa juu ya mji, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka stesheni.

Nyumba hiyo leo ni kuta mbili na mti uliootea ndani yake. Wakati ule ilikuwa mpya, imepakwa chokaa, na asubuhi ukungu uliingia kwa mlango wa mbele ukatokea wa nyuma bila kubisha. Vyumba viwili vilikuwa vya wagonjwa, vinatazamana, kati yake ukumbi wenye meza yangu. Chumba cha tatu kilikuwa cha daktari, na cha nne ghala, ambalo ufunguo wake niliuvaa shingoni kwa kamba ili kila mtu auone. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimemaliza shule ya serikali pwani, na cheo changu kilikuwa karani. Jikoni kulikuwa nje, chini ya paa la nyasi, na huko ndiko alikotawala Bi Tabu. Nasema alitawala kwa sababu ardhi ile ilikuwa ya ukoo wake, na kwa Waluguru ukoo hufuata mama. Mjomba wake ndiye aliyempa Mdachi kiwanja, na alipompa alitoa ahadi kwa niaba ya ukoo mzima: hakuna kitakachoingizwa katika vyumba vya wagonjwa bila ruhusa ya mwenye nyumba. Bi Tabu aliitunza ahadi hiyo kama mtu anayetunza moto, lakini hakusahau hata siku moja nani alikuwa mgeni. Daktari alipomwambia asogeze mafiga yake karibu na ukuta, alimjibu kwa upole kabisa, "Bwana, ukuta ndio uliokuja jana."

Daktari tulimwita Bwana Mganga. Alikuwa mrefu, mkimya, na katika Wadachi wote niliowajua hadi hapo alikuwa wa kwanza kumwosha mgonjwa vidonda kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa na udhaifu mmoja, na udhaifu huo aliupanda mistari sita nyuma ya nyumba. Ulikuwa mmea wa kwao wa nchi ya baridi, wenye majani makubwa kama masikio ya tembo na vikonyo vinene vyekundu. Jina lake la Kijerumani lilisikika kama mtu anayesukutua mdomo. Sisi tulilifupisha tukasema rabaraba. Vikonyo vilikatwakatwa, vikachemshwa na sukari nyingi hadi vikawa kama uji wa waridi, mchachu na mtamu kwa pamoja. Mama yake alikuwa akimpikia hivyo utotoni. Siku ya mavuno ya kwanza Bi Tabu aliyakusanya yale majani yaliyotupwa, akayaosha, akayasokota tayari kuyakata, maana kwetu jani ndilo mboga na bua ni la mbuzi. Daktari alitoka mbio, sabuni ya kunyolea ikiwa shavuni, akamnyang'anya. Jani lina sumu, alisema; kinacholiwa ni kikonyo tu. Bi Tabu aliyatazama yale majani, akamtazama na yeye. "Kwa hiyo kwenu," akasema, "mnapanda mboga inayoua, halafu mnakula mpini wake."

Wagonjwa walikuwa wanane, wote wametoka kwenye kambi za reli huko mbele, kwenye nyika, walikoishi miezi mingi kwa mchele mweupe na samaki mkavu. Ugonjwa wao ulikuwa kiseyeye. Asiyeuona amshukuru Mungu. Fizi huvimba zikawa nyeusi kama zambarau, zikatoka damu zikiguswa na ulimi tu; meno hulegea; miguu hupata madoa kama imepigwa; kovu la kidonda kilichopona miaka mingi hufunguka upya kana kwamba mwili umesahau kwamba uliwahi kujishona. Usipotibiwa, mtu hufa, tena hufa taratibu, akiwa na akili zake zote. Daktari alijua kwamba mboga na matunda huuponya. Asichokijua, na alichokitafuta, ni kitu ambacho kingeweza kupakiwa kwenye behewa kikafika nyikani bila kuoza. Alikuwa na makopo ya nyanya, yametoka Ulaya kwa meli, na alikuwa na rabaraba, ambayo ingeweza kupikwa hapa mlimani na kutiwa kwenye mitungi. Akaamua kuvilinganisha. Chumba cha kushoto wanne wa nyanya, chumba cha kulia wanne wa rabaraba, wiki sita, na vyakula vingine vyote sawasawa na vya kambini.

Aliyaeleza hayo jikoni, mimi nikiwa na daftari. "Ugali, maharage makavu, samaki mkavu. Kikombe cha nyanya asubuhi na jioni kwa hawa, kikombe cha rabaraba asubuhi na jioni kwa wale. Hakuna mboga, hakuna tunda, hakuna ndimu."

"Na mchicha?" akauliza Bi Tabu.

"Mchicha ni mboga, Bi Tabu."

"Najua ni mboga. Nauliza umekosa nini."

Daktari akacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku. "Haukukosa kitu. Najua unaponya, ndiyo maana siupimi. Nyikani hakuna mchicha. Nataka kujua nipakie nini kwenye treni." Akaongeza kwamba yeye mwenyewe angetazama vinywa kila asubuhi, na mgonjwa akizidiwa angemwondoa katika kipimo saa ileile. Nilimheshimu kwa neno hilo, na ninamheshimu hadi leo. Bi Tabu naye alilikubali. Tatizo la kwanza halikuwa daktari, wala chakula, lilikuwa sinia. Wanaume wanane waliougulia wote kambini hawakuona sababu ya kula mafungu mawili. Siku ya kwanza nilikuta wameketi ukumbini kulizunguka sinia moja, nyanya na rabaraba vimemiminwa juu ya ugali, mikono minane inaingia na kutoka. Nilichora mstari wa chokaa katikati ya ukumbi. Walinitazama kama mtu aliyechora mstari katikati ya mto.

Kuanzia hapo walikula wametengana, wakabaki kutupiana maneno kupitia milango iliyo wazi. Wasemaji wakuu walikuwa wawili. Upande wa nyanya alikuwapo Mkude, Mluguru, mfupi, mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Upande wa rabaraba alikuwapo Maganga, Mnyamwezi, mtu mzima kidogo kuliko wengine, aliyeletwa akiwa amebebwa kwa machela, naye ndiye aliyekuwa mgonjwa kuliko wote. Hawa walikuwa watani, kwa kuwa makabila yao ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana haki ya kukutukana mchana na wajibu wa kukuzika ukifa.

"Nyie Wanyamwezi," Mkude angeanza, "mmebeba pembe za watu kutoka bara hadi pwani. Leo mmeshindwa kubeba meno yenu wenyewe."

"Sisi tumeiona dunia," Maganga angejibu kwa tabu, maana midomo ilimuuma. "Wewe umeshuka mlima mara moja tu, na umerudishwa unasukumwa."

"Nimerudi kwetu. Wewe hapa ni mgeni wangu. Nyamaza ule uji wako wa sukari."

Na kwa kweli uji wa sukari ulikuwa mtamu. Nakiri hapa, baada ya miaka yote hii, kwamba sufuria ya rabaraba nilikuwa nikiikomba mimi. Nilijisemea kwamba karani hodari hujua anachokiandika. Nyanya sikuzipenda, zilikuwa na ladha ya bati na rangi ya kitu kilichotokea ajalini. Basi kila Jumamosi nilipowapandisha wagonjwa kwenye mizani, ile ya kupimia magunia tuliyoazima stesheni, moyo wangu ulikuwa umekwisha kuchagua upande, na mizani ikaniunga mkono. Watu wa rabaraba waliongezeka. Ratili mbili, ratili tatu. Mashavu yakajaa, wakacheka zaidi, wakaniita karani wetu. Watu wa nyanya hawakuongezeka kitu, walinung'unika tu. Nilichora jedwali zuri, lenye safu ya uzito iliyopigwa mstari kwa wino mwekundu. Safu ya fizi ilikuwapo pia, lakini hiyo ilikuwa ya daktari kuijaza, na mwishoni mwa wiki ya tatu daktari aliitwa kwenda Kilosa kuwatazama maofisa wenye homa.

Aliondoka alfajiri. Aliniambia, "Pima, andika, usibadilishe kitu. Likitokea jambo, niandikie." Nikasema ndiyo. Kuna watu duniani ambao wakipewa agizo lenye sehemu nne hushika ile inayowapa kazi ndogo zaidi. Mimi nilishika "usibadilishe kitu".

Bi Tabu hakuwa na mizani. Alikuwa na macho, na alikuwa na mahindi. Yalikuwa ndiyo kwanza yameiva, na siku ya tano baada ya daktari kuondoka alikuja kuniomba ruhusa ya kuwachomea wagonjwa hindi mojamoja. Nikamkumbusha masharti. "Hindi ni ugali ambao haujasagwa," akasema, "na ugali wanao." Nikaruhusu. Harufu ikajaa nyumba nzima. Wote wanane walifurahi, na kwa mara ya kwanza tangu mstari wa chokaa kulikuwa kimya, kimya cha watu wanaokula. Mimi niliendelea kunakili jedwali langu. Baada ya muda Bi Tabu aliingia na ungo, akaniwekea mezani, juu ya jedwali lenyewe, magunzi manane. Manne aliyapanga kushoto, manne kulia, kama vyumba vyenyewe.

"Tazama," akasema.

Manne ya kushoto yalikuwa matupu, yametafunwa hadi kwenye nyuzi. Ya kulia, matatu yalikuwa na nusu ya punje zake, na kila mahali palipoumwa pana wekundu. Gunzi la mwisho halikuwa limeliwa kabisa. Lilikuwa limejaribiwa mara moja, na pale lilipojaribiwa, kati ya punje, lilikuwa limebaki jino.

"Hilo la Maganga," akasema Bi Tabu. "Uji wa sukari unanenepesha. Hauponyi. Mwanangu, mtu anaweza kufa akiwa mnene."

Siku hizi kila mwenye gazeti anajua neno vitamini, na watoto wa shule hulitamka bila kutetemeka. Siku hizi ningeweza kueleza kwamba nyanya, kwa kuwa ni chachu na zimefungiwa koponi bila hewa, hubaki na sehemu kubwa ya kile kinachoshona fizi. Kwamba rabaraba ina kidogo tangu shambani, na ukiichemsha sana na kuizidishia maji na sukari, hicho kidogo hupungua tena. Kwamba uchachu wake hudanganya ulimi na utamu wake hudanganya mizani. Kikombe kwa kikombe, rabaraba ya sukari humpa mtu nguvu nyingi kuliko nyanya, na kama Maganga angekuwa na njaa tu, rabaraba ingeshinda. Lakini hakuwa na njaa. Jambo la kunishangaza ni kwamba yote hayo yalikuwa mezani kwangu siku ile, yamepangwa kushoto na kulia, na mwanamke aliyeyapanga hakuwa na neno hata moja katika hayo niliyoyaandika. Alikuwa amejiuliza swali ambalo mimi, na mizani yangu na wino mwekundu, sikujiuliza: huyu mtu anaumwa wapi? Kisha akapima hapo.

"Fungua ghala," akasema. "Tumpe nyanya. Au niruhusu nilete ndimu na mchicha wangu."

Nikamwambia siwezi. Nilimweleza habari ya masharti, na wiki mbili na ushei zilizobaki, na kwamba kazi yote ingeharibika. Sikumweleza kwamba niliogopa, lakini alikuwa na macho. Mwaka uleule nilikuwa nimemwona karani mwenzangu, huko mjini, akilazwa kifudifudi akachapwa hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano vya Wadachi, kwa kubadilisha kitu alichoambiwa asibadilishe.

"Sitaiba," akasema. "Katika ardhi ya mama yangu mimi siingizi kitu kwa mlango wa nyuma, na mjomba ameshatoa neno. Nataka wewe mwenye ufunguo useme ndiyo."

"Nitamwandikia Bwana Mganga."

"Andika," akasema, akayakusanya magunzi yake.

Niliandika. Niliandika kwa Kijerumani, kurasa tatu, na nilitumia saa nzima kufikiri kichwa cha habari. Nilianza na uzito, kwa kuwa jedwali langu lilianza na uzito. Fizi za Maganga nilizifikia ukurasa wa tatu. Nikampa tarishi, nikarudi kukaa mezani nikijiona mtu aliyetimiza wajibu. Jioni hiyohiyo, nikiwa bado najisikia hivyo, nilimwona Bi Tabu amesimama mlangoni kwa watu wa nyanya, kikombe cha Mkude mkononi.

"Mkude," akasema, "mtani wako anakufa. Utamzika wewe?"

Mkude akakitazama kikombe. Halafu akakichukua, akavuka mstari wa chokaa, akaketi ukingoni mwa kitanda cha Maganga. "Kunywa," akasema. "Huu mlima una mawe. Mimi sina nguvu za kulipasua jabali kwa ajili ya Mnyamwezi."

"Basi nitashuka nikafie bondeni," akasema Maganga, "nikuhurumie."

"Kunywa, bwana."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kusema neno. Lakini kikombe kilikuwa kimetolewa kwa haki, kimepokelewa na mwenyewe, na mtani humpa mtani. Hata ahadi ya mjomba haikuvunjwa. Nilirudi mezani nikaandika: Mkude, nyanya, kikombe kimoja. Ndio uongo wa kwanza niliouandika kwa serikali yoyote, na hati yake ilikuwa nzuri kama kawaida.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Bi Tabu hakunisemesha zaidi ya salamu. Nilimsalimu, "Shikamoo, bibi," naye aliitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayengoja. Nami nikangoja. Tarishi alirudi akasema daktari ameshapita Kilosa, ameenda mbele, na kwamba yeye tarishi ameiacha barua Kilosa imfuate. Siku ya nne Maganga alitema jino la pili. Siku ya tano la tatu, na usemi wake ukawa wa shida, mpaka Mkude akawa anamfanyia matusi ya pande zote mbili, akijitukana kwa niaba ya Maganga na kujijibu. Kikombe kimoja kugawanywa kwa kinywa kilichooza kiasi kile kilikuwa kama kuzima shamba linaloungua kwa mate. Siku ya sita Maganga alitema jino la nne. Jioni hiyo Bi Tabu aliingia ukumbini na gunzi moja tu, akaliweka mbele yangu. Lilikuwa limeumwa mara mbili, na pale palipoumwa pana wekundu.

"Lini Maganga amekula hindi?" nikauliza.

"Si la Maganga," akasema. "La Mkude."

Niliinuka. Sikumbuki kufikiri kitu. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri jambo la heshima. Nilivua kamba shingoni, ikanasa sikioni, nikaivuta hadi ikanikwaruza, nikampa ufunguo. Hakuuchukua. "Fungua wewe," akasema. Nikafungua. Nilitoa makopo kwa mikono yangu, wote wanane wakapewa, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kubadilisha kitu, nikabadilisha vyote: nikamwambia alete na ndimu, na mchicha, na chochote kilichokuwa kimekatazwa bila kosa. Alikuwa ameshakata mchicha. Ulikuwa jikoni, umeoshwa, kwenye ungo. Alikuwa akiuosha mpya kila jioni kwa siku sita.

Daktari alirudi baada ya siku tisa nyingine. Alikuwa amekonda kuliko wagonjwa wake. Barua yangu aliipata njiani. "Kijerumani chako kizuri," aliniambia, akiwa bado amesimama mlangoni. "Niliisoma kurasa mbili, nikalala nikiwa na furaha kwamba watu wa rabaraba wananenepa. Ukurasa wa tatu niliusoma asubuhi." Akaingia vyumbani akatazama vinywa vyote, kimoja kimoja, na kidole chake. Cha Maganga alikitazama muda mrefu. Meno manne hayakuwapo, lakini fizi zilikuwa zimerudi kuwa nyama ya mtu. Akatoka ukumbini akauliza nani alifungua ghala. Mimi nilikuwa nikipanga sentensi, na sentensi hiyo ilikuwa na vifungu vingi. Bi Tabu akanitangulia. "Mimi nilimwambia afungue," akasema, akaleta magunzi, ambayo alikuwa ameyahifadhi yamekauka darini, akayapanga mezani kushoto na kulia, na kumweleza mambo yale aliyonieleza mimi, kwa maneno machache zaidi.

Daktari alilishika gunzi lenye jino akaligeuzageuza. Aliuliza maswali kama mwanafunzi: mahindi yalikuwa mabichi kiasi gani, yalichomwa sawasawa, nani alianza kula. Alijibiwa yote. Kisha akavuta jedwali langu, akachukua rula, akaongeza safu mpya pembeni mwa uzito, na juu yake akaandika kwa Kiswahili, "Gunzi." Jioni ile aliomba bakuli la rabaraba, akala polepole peke yake, na nilipokwenda kuondoa bakuli alisema, si kwangu hasa, "Ni tamu. Nilitaka sana iwe dawa." Nimewajua wasomi wengi baadaye. Waliokubali kushindwa na kitu wanachokipenda, tena na mpishi wao, ninaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kipigo hakikuja. Kilichokuja ni maswali mawili, asubuhi yake, mezani. "Siku gani ulijua?" Siku ya magunzi, nikasema. "Na siku gani ulifungua?" Nikamwambia. Akahesabu, akasema, "Siku sita. Na katika hizo, meno matatu. Yaandike kwenye jedwali. Safu nyingine." Nikachora mstari. Nikauliza juu yake niandike nini. "Kuchelewa," akasema, akaondoka.

Maganga alipata nafuu ya kushuka mlimani kabla ya mvua. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga, amevaa kanzu ya kuazima, Mkude akimsubiri nje na kumwita kobe. Aliketi mbele yangu akaomba nimsomee jedwali, lile la kwake, maana alisikia ameandikwa. Nikamsomea, wiki kwa wiki: Maganga, uzito kadhaa, gunzi halikuliwa, gunzi liliumwa, gunzi limeliwa lote. Nikasita. Akanyoosha kidole kwenye safu ya mwisho.

"Na hapa?"

"Siku sita," nikasema. "Ni zangu. Nilijua kwamba unakufa, nikakaa siku sita kabla ya kufungua ghala. Meno yako matatu yametoka katika hizo."

Ulimi wake ulikuwa ukipita kwenye mapengo, kama mtu anayekagua vyumba vya nyumba aliyohamia. Sikuona hasira usoni pake, wala msamaha, na sijawahi kujua alifikiri nini.

"Na Bi Tabu umemwandika?" akauliza.

"Bi Tabu si mgonjwa. Na hakuchelewa. Aliniambia siku ileile, na jioni ileile alimpa Mkude kikombe akuletee."

"Ndiyo," akasema Maganga. "Mwandike."

Nikachovya kalamu. Chini ya majina ya wagonjwa wanane niliandika jina lake, nikaacha uzito wazi, nikaacha gunzi wazi, na kwenye safu ya kuchelewa nikaandika: hakuna. Maganga aliinama akalitazama neno hilo, ambalo hakuweza kulisoma, mpaka wino ukakauka. Kisha akainuka akaenda jikoni kumuaga.